Kuongezewa shilingi chache sheli kila nikijaza mafuta: je, ni halali?

Mkazi wa Kimara

Habari za wakati huu, ndugu wadau. Naomba ufafanuzi kuhusu jambo ambalo madereva wengi wa hapa Dar es Salaam tumelizoea kwa sababu tu kila linapotokea fedha yenyewe ni ndogo. Ninapojaza tangi, pampu husimama kwenye kiasi kisicholingana na sarafu tulizonazo, tuseme shilingi 47,620, na mhudumu huniambia nimpe 48,000 au, akiwa mwepesi, 47,700. Sijawahi kuambiwa nimpe 47,600.

Wiki iliyopita, katika kituo kimoja kando ya Barabara ya Morogoro, nilitoa shilingi 50,000 na kurudishiwa 2,000. Nilipoulizia iliyobaki, mhudumu alifungua kipochi chake cha kiunoni, akanionyesha kwamba mlikuwa na noti tupu, kisha akageukia gari lililokuwa nyuma yangu. Risiti aliyonipa imeandikwa 47,620, maana yake kwenye kumbukumbu za kituo zile 380 hazikulipwa na mtu yeyote.

Ninachotaka kufahamu ni kama kuna utaratibu wowote unaoruhusu kiasi hicho kupandishwa, na kama kinachopandisha ni mashine au ni mtu. Pia ningependa kujua mwenzangu anayedai haki yake bila kugombana na kijana wa watu hufanyaje.

Msoma Mita

Ndugu Mkazi wa Kimara, tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, kwa sababu moja halina ubaya na la pili linao.

Pampu yenyewe hukadiria. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa shilingi kamili kwa lita, na mashine huzidisha bei iliyowekwa na kituo kwa lita zilizopita kwenye mita. Ikiwa kioo kinaonyesha lita kwa desimali mbili na bei ni shilingi 2,850, kila sehemu moja ya mia ya lita ina thamani ya shilingi 28 na nusu, kwa hiyo lita unazozisoma zinaweza kutofautiana kidogo na fedha unayoisoma. Tofauti hiyo haivuki shilingi 15 hivi, na leo inaweza kukuangukia wewe, kesho ikakiangukia kituo. Hapo hakuna anayeibiwa.

Jambo la pili ni hilo lililokupata, na halimo ndani ya mashine. Kiasi kinachosomeka kwenye kioo ndicho deni lako, na ndicho kinachochapwa na printa ya pampu iliyounganishwa na mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato. Sifahamu utaratibu wowote unaompa mhudumu ruhusa ya kukipandisha. Hesabu yenyewe inaonyesha uzito wake: tuseme kituo kinauza kwa bei kikomo ya 2,850, ukachukua lita tatu, deni ni 8,550. Ukitozwa 8,600 umelipa zaidi ya shilingi 2,866 kwa lita, yaani juu ya kikomo. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, lakini hakiruhusiwi kuivuka, na kwa maoni yangu kuivuka kwa njia ya chenji ni kuivuka vilevile.

Aliyewahi Kushika Pampu

Kaka, nimefanya kazi ya uhudumu kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi nyingine, na ningependa mlielewe jambo hili kutoka upande wa pili, si kwa kulitetea bali ili mjue linakoanzia.

Mhudumu anapoingia zamu huandika namba ya mita ya kufungulia, na anapotoka huandika ya kufungia. Lita zilizouzwa huzidishwa kwa bei, na hizo ndizo fedha anazopaswa kukabidhi, bila kuangalia ni wateja wangapi walimlipa pungufu. Kituo nilichofanyia kazi kilikata upungufu wote kwenye mshahara. Sarafu za shilingi 5, 10 na 20 hazipo tena mikononi mwa watu, kwa hiyo deni la 47,620 haliwezi kulipwa kamili kwa fedha taslimu: mteja akilipa 47,600, zile 20 ni za mhudumu kulipa. Ndiyo maana wengi wameamua kwamba kila tarakimu ipande, na ikishapanda kwa ajili ya 20, kuipandisha hadi 100 au 380 hakumsumbui tena mtu. Ziada hiyo haimfikii mwenye kituo. Inabaki kwenye kipochi.

Kuna tabia nyingine ambayo sijaona ikitajwa. Mkono wa pampu ukishajikata wenyewe, tangi limejaa. Mhudumu anayeendelea kuubana kidogo kidogo, huku ameinua macho kwenye kioo, anatafuta namba ya mviringo, na ili kuipata anakuuzia mafuta ambayo hukuyahitaji, mengine hata humwagika pembeni ya mfuniko. Waambieni waache pale ulipojikata.

Ukitaka kuepuka mvutano, kabla hajaanza mwambie kwa upole: "Naomba uniwekee ya elfu hamsini, uiandike kwenye mashine." Pampu nyingi zina vitufe vya kuweka kiasi, na zikishawekewa husimama zenyewe.

Dereva wa Buguruni

Nashukuru kwa maelezo hayo, ila mkuu wangu wa Kimara aelewe kwamba anayeumia zaidi si mwenye gari. Sisi wa bodaboda hatujazi tangi. Tunaweka mafuta ya elfu tatu, tunafanya kazi, tunarudi tena kuweka ya elfu tatu, kwa sababu fedha ya mafuta tunaipata humohumo barabarani. Mhudumu haandiki 3,000 kwenye mashine, maana anaona anachelewa na foleni ni ndefu. Anabana kwa mkono, na namba ikifika 2,960 anachomoa na kuupachika mkono wa pampu mahali pake. Nikisema haijafika, jibu ni kwamba arobaini haiwezi kuwashia hata kiberiti.

Kwa mtu anayejaza ya elfu sitini, shilingi 40 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya asilimia. Kwangu mimi niliyeweka ya elfu tatu, hiyo ni asilimia 1.3, na ninaibeba kila ninaposimama pale. Mzigo wangu ni mara ishirini ya wake ingawa sarafu zilizopotea ni zilezile. Mambo haya yakijadiliwa, sisi hatuhesabiwi, ilhali ndio tunaopanga foleni sheli asubuhi, mchana na jioni. Na siku ambayo mhudumu anaanza kunimiminia kabla kioo hakijarudi sifuri baada ya mteja aliyetangulia, nakosa hata pa kuanzia kulalamika, kwa sababu mafuta yameshaingia.

Mkazi wa Kimara

Ahsanteni sana. Ndugu wa Buguruni, umenifungua macho, kwa kuwa nilikuwa nimelitazama suala hili kwa jicho la mwenye gari peke yake. Naomba Msoma Mita atufafanulie jambo moja: je, kulipa kwa lipa namba kunaondoa tatizo, na malalamiko hupelekwa wapi?

Msoma Mita

Kulipa kwa simu kunaondoa kisingizio cha chenji, kwa sababu unaweza kuandika 47,620 kama ilivyo. Angalia tu makato ya mtandao wako yasije yakazidi kile unachokiokoa. Kanada ilipoacha kusambaza sarafu ya senti moja mwezi Februari 2013, ilielekeza malipo ya taslimu yakadiriwe hadi senti tano zilizo karibu, juu au chini, na malipo ya kadi yabaki kamili. Kwetu sarafu ndogo zimepotea, lakini kanuni ya kukadiria haikufuata, na pengo hilo linazibwa na mwenye kipochi. Tukiwa na kanuni kama ile, 47,620 ingelipwa kwa 47,600, na mhudumu asingekatwa zile ishirini kwenye mshahara wake.

Nisingependa, hata hivyo, tuzikazie macho sarafu tukasahau ujazo. Pendekezo la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linavumilia kosa la asilimia 0.5 kwa pampu za mafuta, yaani mililita 100 katika lita 20. Kosa la aina hiyo linaweza kuwa la kuzidi au la kupungua. Lakini pampu iliyochezewa ikapunguza asilimia mbili, katika lita 30 imekunyima mililita 600, ambazo kwa bei ya 2,850 ni shilingi 1,710, na risiti yako itaonekana safi kabisa. Kwa hiyo kabla ya kukubali kuhudumiwa tazama vitu viwili: kioo kisome sifuri, na pampu iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika pamoja na lakiri ambayo haijakatwa.

Kuhusu malalamiko, ujazo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, kutozwa juu ya bei kikomo au juu ya bei iliyo kwenye bango la kituo ni kazi ya EWURA, na kunyimwa risiti ni kazi ya TRA. Ndugu wa Buguruni adai risiti hata kwa mafuta ya elfu tatu. Ikisomeka 2,960 na yeye ametoa noti tatu za elfu moja, tayari ana ushahidi wa maandishi, na wenzake wa kijiweni wakikusanya zao za kituo hichohicho itakuwa vigumu kuambiwa ni bahati mbaya ya siku moja. Nyuma ya kila risiti andikeni pia namba ya pampu na kiasi mlichotoa, kwa sababu kituo kimoja kina pampu nyingi na kila moja hukaguliwa peke yake.