Mjadala: Naibu mawaziri wawekewe ukomo, au cheo kifutwe kabisa?

Kaskazi (mtoa mada)
Wakuu, ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa Rais ruhusa ya kuteua "idadi yoyote" ya naibu mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Wote lazima wawe wabunge, na hakuna hata mmoja anayekuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Matokeo yake tumeyaona: Januari 2006 mawaziri na manaibu kwa pamoja walikuwa wapatao 60, Februari 2008 wakapunguzwa hadi 47, Desemba 2015 wakawa 34. Ibara ni ileile, kilichobadilika ni hiari ya mteuzi. Mimi nasema kifutwe. Fedha za wizara zinabebwa na Katibu Mkuu, ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa matumizi yake. Kanuni chini ya sheria zinatungwa na Waziri. Naibu amebakiwa na nini?

Msoma Hansard
Amebakiwa na Bunge, mkuu, na si jambo dogo. Angalia kipindi cha maswali pale Dodoma. Swali la msingi limefika wizarani mapema kwa maandishi, wataalamu wameandika jibu, naibu anasimama na kulisoma kwa niaba ya Waziri. Hiyo hata karani angeweza. Shughuli inaanza kwenye maswali ya nyongeza, maana hayo hayana karatasi: fedha za daraja zimeishia wapi, mkandarasi kaondoka saiti kwa nini, zahanati itapata lini mganga. Asiyelijua faili hukimbilia kuahidi, ahadi inaingia kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), na mbunge huyohuyo anairudisha mwaka ujao ikiwa na tarehe yake. Sasa ukifuta cheo, Waziri mmoja wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ajibu elimu, afya na barabara za mitaa asubuhi moja?

Halafu usisahau kwamba ni chuo. Nafasi za chini ya waziri zipo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Bibi Titi Mohamed na Lucy Lameck walizishika. Kikwete alianza unaibu 1988, Magufuli alikaa miaka mitano kwenye Ujenzi (1995 hadi 2000) kabla ya kuwa Waziri wa wizara hiyohiyo, Majaliwa alitoka unaibu wa TAMISEMI akawa Waziri Mkuu 2015.

Kaskazi
Chuo cha watatu. Wengine wote waliopita humo wako wapi?

Wakili wa Pwani
Ndugu zetu wa Bongo, Kenya tulikifuta, na mjue kilichofuata kabla hamjapiga kura.

Chini ya katiba ya zamani, waziri msaidizi alitoka bungeni kama wenu. Tatizo lilikuwa kura. Msaidizi haingii Barazani, lakini anabanwa na uamuzi wa Baraza. Mwaka 1975, Bunge lilipopigia kura ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya mbunge J.M. Kariuki, Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu waliiunga mkono. Wote watatu wakafutwa kazi. Sasa piga hesabu ya serikali ya mseto ya 2008: mawaziri na wasaidizi walizidi 90 katika Bunge la wabunge 222. Yaani takriban wawili kati ya kila watano hawakuwa huru kuihoji serikali. Wangari Maathai mwenyewe, na Nobel yake ya 2004, alikuwa waziri msaidizi tu wa Mazingira.

Katiba ya 2010 ikakata mzizi. Ibara ya 152 inataka mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22, na asiwemo mbunge. Wasaidizi hawatajwi popote. Lakini mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta akaleta CAS (Chief Administrative Secretary), kazi ileile kwa jina jipya. Aprili 2021 Mahakama Kuu ikasema ofisi hiyo iliundwa kinyume cha Katiba. Haikusaidia. Tume ya Utumishi wa Umma ikatangaza nafasi 23, na Machi 2023 Rais Ruto akateua watu 50. Waliapishwa, kesho yake mahakama ikawazuia kuanza kazi, na Julai 3 majaji watatu, kwa uamuzi wa wengi, wakaubatilisha uteuzi huo: wananchi hawakushirikishwa kuhusu zile nafasi 27 za nyongeza.

Kwa hiyo Kaskazi, ukifuta jina bila kuziba mlango wa kuunda ofisi, kitarudi.

Msoma Hansard
Hapo nakuelewa, lakini Kenya walifuta kwa sababu waliwatoa mawaziri bungeni kwanza. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba nayo ilitaka hivyo, mawaziri wasizidi 15 na wasiwe wabunge. Haikupita. Maadamu mawaziri wetu wanakaa bungeni, hoja ya kufuta inatanguliza mkokoteni mbele ya punda. Wekeni ukomo.

Mto Kagera
Ukomo wa aina gani? Uganda wanao: Katiba ya 1995 inataka mawaziri wa Baraza wasizidi 21 na mawaziri wa nchi (kule ni ngazi ya chini yao) wasizidi 21, "isipokuwa Bunge likiidhinisha". Bunge linaidhinisha. Uteuzi wa 2021 ulipita watu 80. Uingereza wao wameweka kwenye sheria za 1975: wenye uwaziri wanaokaa House of Commons (bunge lao la kuchaguliwa) wasizidi 95, na mishahara ya uwaziri isizidi 109. Ila nao wana upenyo, wapo wanaofanya kazi hiyo bila mshahara.

Wakili wa Pwani
Basi kifungu kihesabu vichwa, kisihesabu mishahara, na kisiwe na "isipokuwa". Kwa mfano: "Mawaziri na Naibu Mawaziri kwa jumla hawatazidi sehemu moja ya kumi ya Wabunge wote."

Kaskazi
Bunge letu lina wabunge zaidi ya 390. Sehemu ya kumi ni 39, na 2015 serikali ilianza na 34. Umempa Rais viti vitano vya ziada, wakili. Mimi ningeandika naibu mmoja kwa wizara, TAMISEMI peke yake wawili, na kila anayeteuliwa ataje kwenye hati yake anasimamia idara zipi.

Mto Kagera
Ukihesabu kwa wizara, kesho wizara zinagawanywa. Nani anaunda wizara? Rais huyohuyo. Kifungu chako kinahitaji kwanza idadi ya wizara iandikwe.