Tupeane uzoefu: vifaa vya kunyanyua uzito vilivyotuumiza kifua, mabega na mikono, na jinsi vilivyopaswa kutengenezwa

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu vifaa vya mazoezi ya sehemu ya juu ya mwili: kilichotokea, kifaa kilivyokuwa, na mlichokirekebisha baadaye. Ningependa tusiishie kwenye kauli kwamba aliyeumia alijitakia kwa kunyanyua uzito uliomzidi. Kila anayefanya mazoezi kwa bidii atafika siku moja kwenye rudio (mara moja ya kunyanyua na kushusha) ambalo mikono inagoma katikati ya safari, na kifaa kisichomjali mtu wa namna hiyo kimetengenezwa nusu tu, hata kama rangi yake inang'aa.

Naanza na kisa changu. Nilikuwa peke yangu, nimelala chali kwenye benchi, nikisukuma juu chuma kirefu chenye sahani za uzito, kilo 70. Rudio la nane lilikwama, chuma kikarudi taratibu hadi kifuani na kutulia hapo. Nilikuwa nimefunga vibano vya kuzuia sahani zisichomoke pande zote mbili kama nilivyofundishwa, kwa hiyo sikuweza kukiinamisha ili sahani zimwagike upande mmoja. Nilichobaki nacho ni kukibiringisha kuelekea tumboni, pumzi ikiwa imebanwa, hadi kilipofika mapajani nikaweza kuketi. Mbavu ziliniuma kwa wiki tatu. Kama kingeteleza kuelekea upande wa pili kingefika shingoni, na jambo hilo si la kufikirika: mwaka 2009 nchini Marekani, Stafon Johnson, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa ngazi ya chuo kikuu, aliangukiwa na chuma shingoni akiwa kwenye benchi, akaumia vibaya koo na kuhitaji upasuaji mkubwa.

Benchi langu lilikuwa na nguzo mbili na ndoano mbili, basi. Halikuwa na vyuma vya kudakia pembeni, vya kupokea mzigo mtu akikwama. Nilipopata fremu yenye vyuma hivyo niligundua tatizo ambalo sikulitarajia: matundu ya kuvipachika yalikuwa yameachana kwa sm 10. Tundu la juu lilizuia chuma kisiguse kifua, na la chini lilikiacha kishuke hadi kwenye koo. Urefu sahihi ni ule ambao chuma kinagusa kifua kilichojaa hewa na mgongo uliopinda kidogo, lakini mtu akitoa pumzi na kulaza mgongo, vyuma vya kudakia vinaupokea mzigo kabla haujamfikia. Nafasi hiyo ni ya sentimita chache tu. Ndiyo maana fremu nyingi zina matundu kila sm 5, na zile zilizofikiriwa vizuri huyakaribisha hadi sm 2.5 katika eneo la benchi. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kuuliza kabla ya kuuliza fremu inabeba kilo ngapi.

Karibuni.

Fundi wa Kuchomelea

Nashukuru kwa mada hii. Mimi ni fundi, na nimetengeneza fremu na mabenchi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaeleza makosa yangu mawili bila kuyapunguza.

La kwanza ni upana wa nguzo. Mteja alitaka benchi lisilochukua nafasi, nami nikaziweka nguzo umbali wa sm 60. Siku moja alimaliza mazoezi, akatoa sahani zote za upande wa kulia, na chuma kikapinduka kuelekea kushoto kama mizani iliyokatwa kamba. Ncha iliyokuwa tupu ikapita karibu na uso wa mwenzake. Nilirudi karakana nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwanzoni. Chuma cha mashindano cha wanaume kina uzito wa kilo 20 na urefu wa mita 2.2, na sahani ya kwanza hukaa takriban sm 71 kutoka katikati. Nguzo zikiwa sm 30 kila upande wa katikati, chuma chenyewe kinapinga kupinduka kwa kilo 20 mara sm 30, wakati sahani iko sm 41 nje ya nguzo. Ukigawanya unapata kama kilo 15. Maana yake ni kwamba sahani moja ya kilo 20 iliyobaki peke yake upande mmoja inatosha kukipindua. Nguzo zikiachana kwa sm 110, hesabu ileile inatoa takriban kilo 69. Tofauti yote hiyo inatokana na mahali nguzo zinaposimama, bila kuongeza hata gramu moja ya chuma kwenye fremu. Mazoea ya kutoa sahani kwa zamu, moja huku na moja kule, yabaki palepale, lakini mtu aliyechoka husahau, na nguzo pana humsamehe.

Kosa la pili lilihusu vyuma vya kudakia. Nilivijaribu kwa kuviwekea kilo 200 zilizotulia, vikakaa imara, nikaridhika. Baadaye uzito wa kilo 60 uliviangukia kutoka urefu wa kama sm 30 na kimoja kikapinda kwenye maungio. Mzigo uliotulia na mzigo unaoanguka ni vitu viwili tofauti. Kilo 60 zikianguka sm 30 na kusimamishwa ndani ya sm 2 tu, nguvu ya wastani inayopokelewa na fremu ni sawa na ya kilo 960 zilizotulia, yaani mara 16. Ukiruhusu kusimama kwa sm 4, kwa mfano kwa kuweka mpira mnene au mkanda mpana uliofungwa kati ya nguzo mbili badala ya chuma kigumu, nguvu hiyo inashuka hadi kama kilo 510. Tangu hapo natandika mpira juu ya kila chuma cha kudakia, na najaribu kwa kuangusha, si kwa kuweka.

Kuhusu vibano, jibu langu ni hili: vifungwe daima, lakini penye vyuma vya kudakia. Ushauri wa kuviacha wazi ili mtu amwage sahani akikwama ni wa dharura ya mtu asiye na kifaa kingine, kwa sababu upande mmoja ukimwagika, ule wa pili hushuka kwa kishindo, na bega ndilo linalolipa.

Mtaalamu wa Viungo

Mwanzisha mada na Fundi wameeleza vizuri habari ya kuangukiwa. Ninaowapokea mimi mara nyingi hawakuangukiwa na kitu chochote. Waliumia mwanzoni mwa zoezi, wakati mashine ilipowalazimisha kuanza na mikono ikiwa nyuma kupita kiasi.

Mtazameni mtu anayeketi kwenye mashine ya kusukuma kwa kifua ambayo vishikio vyake vinaanzia nyuma ya mstari wa mabega. Ili kuanza, lazima anyooshe mikono nyuma, avishike, kisha atoe mzigo wote kutoka kwenye hali ya kutulia, huku misuli ya kifua ikiwa imevutwa hadi mwisho na kichwa cha mfupa wa mkono kikisukumwa mbele ndani ya kiungo cha bega. Hapo ndipo bega lina uwezo mdogo kuliko mahali pengine popote katika zoezi hilo. Mteja wangu mmoja alifanya marudio kumi bila shida yoyote, kisha akaumia rudio la mwisho lilipokwisha, wakati wa kuvirudisha vishikio nyuma ili aviachie. Alivutwa.

Dawa ya hilo inajulikana na ni rahisi kiufundi: kanyagio la mguu linalovisogeza vishikio mbele ili mtu aanze na kumaliza mikono ikiwa mahali salama, pamoja na pini ya kuchagua mwendo uanzie wapi. Mashine yenye vyote viwili inamfaa kijana mwenye mabega malegevu na mzee mwenye mabega yaliyokakamaa. Nimeona mashine zenye kanyagio lililong'olewa kwa sababu mpira wake uliisha na hakuna aliyeurudishia. Naomba wenye mashine walihesabu kanyagio hilo kuwa sehemu ya usalama kama ilivyo breki ya gari.

Jambo la pili ni vishikio vyenyewe. Chuma kilichonyooka kinawalazimisha wote kushika kwa namna moja, viganja vikitazama upande mmoja. Vishikio vinavyoruhusu viganja kutazamana huwapunguzia wengi maumivu ya sehemu ya mbele ya bega, kwa sababu viwiko husogea karibu na mbavu. Kuhusu mashine ya kuvuta chuma kutoka juu, ambacho wengine hukivutia nyuma ya shingo, nawashauri watengenezaji waweke kiti na egemeo la mapaja kwa namna ambayo mtu anaona ni rahisi zaidi kuvuta mbele ya uso, kwani umbo la kifaa hufundisha kuliko bango lililobandikwa ukutani.

Mvutaji

Kisa changu kinahusu mashine hiyohiyo ya kuvuta kutoka juu. Kebo ilikatika nikiwa nimevuta hadi kifuani. Kile chuma kipana kilinigonga mapajani, nami nikaanguka chali kutoka kwenye kiti. Nashukuru kwamba sikuwa nimekivuta nyuma ya kichwa.

Tulipoikagua, kebo ilionekana nzima kabisa kwa nje kwa sababu ya gamba lake la plastiki. Ndani, nyuzi za chuma zilikuwa zimekatika moja moja karibu na ncha, pale inapoingia kwenye kifungo, na nyingine mahali inapopinda kwenye kapi dogo la chini. Kila inapopinda na kunyooka nyuzi hizo huchoka, na kapi likiwa dogo zinapinda zaidi. Aliyetubadilishia aliweka kapi kubwa zaidi na kebo yenye gamba linaloonyesha ndani, na sasa kila wiki ninapitisha kitambaa kikavu kwenye ncha: kikinasa, kuna uzi uliochomoza. Gamba lililovimba au kupasuka nalo ni taarifa ya kutosha ya kuibadilisha siku hiyohiyo.

Dambeli Mbili

Langu ni fupi. Dambeli za kufunga kwa nati hulegea zenyewe kila mkono unapozunguka. Nikiwa nimelala, sahani ya kilo 5 ilichomoka juu ya uso wangu na kuniachia mshono kwenye nyusi. Nati yenye pete ya mpira ndani yake hushika vizuri kuliko ya chuma kitupu, lakini kwa mazoezi ya kulala chali nimehamia kwenye dambeli zisizofunguka kabisa, zenye vichwa vya pembe sita ili zisibingirike zikiwekwa sakafuni.

Mama wa Watoto Wawili

Naomba tusiwasahau wasiofanya mazoezi. Mwanangu alipenyeza kidole kati ya vipande vya uzito vya mashine nilipokuwa nimevinyanyua, nami sikumwona kwa sababu vilikuwa nyuma yangu. Nilivishikilia juu hadi akakitoa, mikono ikinitetemeka, na hadi leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Upande ule haukuwa na kinga yoyote.

Mwanzisha mada

Pole sana, Mama. Ulichokieleza kimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 20957, ambacho sehemu yake ya kwanza inashughulikia usalama wa vifaa vya mazoezi vya kusimikwa kwa ujumla na ya pili inahusu vifaa vya nguvu hasa. Sehemu zinazobana vidole na mizigo inayotembea ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa humo. Anayenunua mashine anaweza kuuliza kama imejaribiwa kwa kiwango hicho, na mwenye mashine ya zamani anaweza kufunga bati au plastiki ngumu kuanzia sakafuni hadi juu ya kimo ambacho vipande vya uzito vinafika vikinyanyuliwa.

Mwenye Kimo Kifupi

Mimi nina urefu wa sm 152. Mabenchi ya mashindano ya kunyanyua uzito huwa na kimo cha sm 42 hadi 45, na mengi ya mazoezi hufuata kipimo hicho. Nikilala, nyayo zangu hazikanyagi sakafu sawasawa, ni vidole tu vinavyogusa, kwa hiyo mwili unayumba chuma kikiwa juu. Niliweka sahani mbili chini ya miguu. Moja ikateleza katikati ya rudio, nikaegemea upande na mkono mmoja ukabeba zaidi ya mwingine. Bega la kushoto halijawa sawa tangu hapo. Ndoano nazo ziko juu mno kwa mikono yangu, hivyo nakitoa chuma mabega yakiwa yamenyanyuka kutoka kwenye benchi. Fundi, je, hili linatengenezeka?

Fundi wa Kuchomelea

Linatengenezeka, dada. Ndoano zishushwe hadi mahali ambapo unakitoa chuma kwa kunyoosha viwiko kidogo tu, mabega yakiwa yamelala. Chini tutaweka majukwaa mawili ya bati lenye vipele, yaliyofungwa kwa bolti kwenye miguu ya benchi yasiteleze, na yanayotolewa mtu mrefu akija. Nipe kipimo kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti ukiwa umeketi na viatu vyako vya mazoezi, na kimo cha benchi mto wake ukiwa umekaliwa, kwa kuwa sponji hushuka.

Mwenye Kimo Kifupi

Nimepima sasa hivi. Goti ni sm 38, benchi likikaliwa ni sm 44.