Kijana wa ECA anataka kusomea kompyuta za biashara: tuangalie nini kabla ya kuomba chuo?

MamaWaKihonda

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mwanangu amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Amepata C ya Uhasibu, C ya Biashara, D ya Uchumi na S (ufaulu wa ziada) ya BAM, yaani Hisabati. Tangu akiwa kidato cha tatu amekuwa akishinda kwenye kompyuta ya mjomba wake, na mwaka jana alitutengenezea jedwali la Excel ambalo duka letu la vifaa vya ujenzi linalitumia hadi leo kujua kilichobaki stoo. Sasa anataka kusomea kompyuta upande wa biashara, yaani kutengeneza programu za mauzo, mishahara na hesabu, wala hataki kusikia habari ya kozi nyingine.

Mimi na baba yake hatumpingi, ila tuna mashaka. Majirani wanasema kuandika programu ni kazi ya watoto wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Wengine wanasema anayesoma uhasibu na kompyuta kwa pamoja hutoka chuoni akiwa si mhasibu wala si mtaalamu wa kompyuta. Juu ya hayo, chuo kimoja kimetupigia simu na kutuahidi kwamba kwa miezi 9 tu atapata cheti na ajira ya uhakika, na ada yake inakaribia ile ya chuo kikuu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu njia hii, hasa kama ni bora aende moja kwa moja shahada au aanze na stashahada.

Mkufunzi_Tehama

Dada yangu, hongera kwa kumlea kijana aliyetengeneza kitu kinachotumika kabla hata ya kuingia chuo. Nimefundisha programu katika chuo cha kati kwa miaka 11, hivyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona darasani.

Kuhusu ufaulu, kima cha chini cha TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, kwa mhitimu wa kidato cha sita ni masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. C mbili za mwanao zinafanya 6, kwa hiyo hapo amevuka. Hata hivyo kila programu huongeza masharti yake, na sharti la Hisabati ndilo linalowakwaza vijana wengi wa ECA, kwa sababu wakati mwingine linahesabu pia alama ya kidato cha nne. Masharti hayo yote yamo katika mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Ausome yeye mwenyewe, asitegemee kusimuliwa.

Jina la kozi lisiwasumbue, kwa sababu hubadilika kutoka chuo kimoja hadi kingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya Teknolojia ya Habari ya Biashara, Mzumbe wana Tehama pamoja na Biashara, na vyuo kama CBE, IFM na Chuo cha Uhasibu Arusha vinafundisha Tehama katika mazingira yaliyojaa uhasibu na biashara. Kwa jirani zetu, Shule ya Biashara ya Makerere iliyopo Nakawa, Kampala, inaiita Shahada ya Kompyuta za Biashara. Kinachopaswa kuwatofautishia ni orodha ya moduli, yaani masomo ya kozi. Ombeni orodha hiyo ya miaka yote, kisha mhesabu ni mihula mingapi kijana anaandika programu kwa mikono yake. Kama kuandika programu kunaonekana katika muhula mmoja tu na mihula iliyobaki ni nadharia za menejimenti na matumizi ya kawaida ya kompyuta, hiyo ni kozi ya biashara iliyopewa jina la kompyuta. Angalieni pia kama usanifu wa hifadhidata unafundishwa kabla ya mradi wa mwisho, kwa maana mwanafunzi asiyejua kupanga majedwali na kuyahoji kwa SQL, lugha ya hifadhidata, hawezi kutengeneza mfumo wa duka, sembuse wa mishahara ya halmashauri.

Na kuhusu PCM, ninasema kwa moyo wangu wote kwamba majirani wamekosea. Fizikia haina nafasi kubwa katika kazi hii. Kinachohitajika ni mantiki, takwimu na uvumilivu wa kutafuta kosa moja kwa saa tatu bila kukata tamaa. Darasani kwangu nimeona vijana wa ECA wakiwatangulia wenzao tulipofika kwenye programu za biashara, kwa sababu wao walikuwa wanaelewa kile ambacho programu inatakiwa ifanye.

MhasibuMkaguzi

Naunga mkono aya ya mwisho ya Mkufunzi, nami niongeze jambo kutoka upande wa pili wa meza. Hofu ya kuwa "si mhasibu wala si mtaalamu wa kompyuta" imeenea, lakini anayeyajua mambo hayo mawili ndiye mtu ambaye ofisi zetu zinamtafuta bila kumpata.

Miaka michache iliyopita nilitumwa kukagua hesabu za kampuni moja ya usambazaji iliyokuwa imetengenezewa mfumo wake na kijana hodari sana wa kuandika programu. Ulikuwa mfumo mzuri kwa macho na wenye kasi. Lakini kwenye kila ankara kulikuwa na kitufe cha kufuta, na mtumishi yeyote wa mauzo aliweza kukibonyeza. Ankara ikifutwa ilitoweka kabisa, pamoja na namba yake, bila kuacha alama ya nani alifuta wala lini. Tulikuta namba za ankara zinaruka, fedha za benki hazilingani na mauzo, na hapakuwa na namna ya kujua kama ni wizi au ni makosa ya kawaida. Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba katika vitabu vya hesabu ingizo halifutwi, bali hurekebishwa kwa ingizo jingine la kulibatilisha, na yote mawili hubaki yakisomeka.

Kanuni za namna hiyo ni nyingi. Utaratibu wa kuingiza kila muamala mara mbili, debiti na krediti, ulichapishwa na Luca Pacioli huko Venice mwaka 1494, na hadi leo mfumo wowote wa hesabu unaotaka kuaminiwa unajengwa juu yake. Kisha kuna kodi. Bidhaa inayouzwa shilingi 10,000 pamoja na VAT ya asilimia 18 ina kodi ya shilingi 1,525.42 ndani yake, si 1,800 kama wanavyokokotoa wengi, kwa sababu unagawanya kwa 118 na si kwa 100. Mwandishi wa programu asiyejua hilo ataliibia duka au ataiibia serikali kila siku bila kujua. Kwa hiyo mama, mwanao ambaye ameshika leja tangu sekondari ana mtaji ambao haupaswi kutupwa.

KijanaWaKijitonyama

Shikamoo mama. Mimi nipo mwaka wa tatu katika kozi ya aina hii na nilitoka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), kwa hiyo inawezekana. Mwaka wa kwanza ndio uliotutoa jasho, hasa pale tulipoanza lugha ya C bila kuwa tumeandika programu yoyote kabla. Kilichoniokoa ni kuandika kila siku, hata kidogo, badala ya kusubiri wiki ya mtihani. Kompyuta mpakato yake mwenyewe ni ya lazima, kwa sababu foleni ya maabara ni ndefu. Si lazima iwe mpya. Iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa Java, Python na MySQL.

Fundi_Mifumo

Nami naomba kutofautiana kidogo na wenzangu ambao wamelenga shahada tu. Mimi nilianza na stashahada na sijutii. Mhitimu wa kidato cha sita mwenye angalau ufaulu mkuu mmoja na wa ziada mmoja anaweza kuanzia ngazi ya 5 ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na kumaliza stashahada, ambayo ni ngazi ya 6, kwa miaka miwili. Mafunzo yake yana vitendo vingi, na huko ndiko nilikojifunza kutengeneza mfumo mzima kuanzia kumhoji mwenye duka hadi kumkabidhi kazi. Baadaye, mwenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada. Mtoto mwenye mashaka na Hisabati hupata muda wa kujijenga.

Mkufunzi_Tehama

Ndugu Fundi, njia hiyo naiheshimu, na wanafunzi wangu wengi wameipitia. Lakini kwa kijana mwenye pointi 6, akipata kozi inayomkubali, miaka miwili ya stashahada ikifuatiwa na mitatu ya shahada inafanya mitano badala ya mitatu, na mzazi ndiye anayelipa. Ningemshauri aombe shahada kwanza, na stashahada iwe njia ya pili iwapo sharti la Hisabati litamzuia.

Kuhusu kile chuo cha miezi 9, dada yangu, angalia kama kimesajiliwa na NACTVET na kama kozi hiyo yenyewe, si chuo peke yake, ina ithibati. Hakuna chuo chenye uwezo wa kumhakikishia mwanafunzi ajira, na anayekuahidi hivyo kabla hata hajamwona mwanao anauza ahadi isiyo yake.

MamaWaKihonda

Nawashukuru sana, mmenifumbua macho. Jana tumekaa na kijana tukafungua mwongozo, naye ameorodhesha kozi nne zinazomkubali kwa alama zake. Moja tumeiondoa baada ya kuona ina moduli moja tu ya kuandika programu kwa miaka mitatu. Wale wa miezi 9 tumewaomba namba ya usajili, hawajapiga simu tena. Swali langu la mwisho ni kuhusu miezi hii kabla ya chuo kufunguliwa: kuna jambo la maana anaweza kulifanya nyumbani, au tumwache apumzike?

MhasibuMkaguzi

Apumzike wiki moja, kisha arudi kwenye lile jedwali la Excel la dukani alitengeneze upya kwa lugha ya Python na hifadhidata ya SQLite, ambavyo vyote ni bure. Aanze na majedwali matatu: bidhaa, manunuzi na mauzo. Asiweke mahali popote safu ya "kilichobaki" ya kuandikwa kwa mkono. Kilichobaki kikokotolewe kutoka kwenye manunuzi na mauzo kila kinapohitajika, ili kisiweze kubadilishwa na mtu bila sababu kuonekana. Fedha azihifadhi kama namba kamili, si za desimali, kwa kuwa kompyuta ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2 katika Python hujibu 0.30000000000000004, na tofauti ndogo kama hizo zikijikusanya huleta ugomvi kwenye urari.

Mkufunzi_Tehama

Na asiweke kitufe cha kufuta. Akimaliza, mama, wewe ndiye uwe mkaguzi wake: hesabu mabati na mifuko ya saruji kwa mkono siku ya Jumamosi, ulinganishe na anachosema mfumo. Kukiwa na tofauti, mpe hadi Jumatatu aeleze imetoka wapi.