Tupeane uzoefu: umevuka hadi ufukwe wenye utulivu, kikakukuta nini?

Wakuu, joto la Januari hili hata feni inapuliza moto. Wa ufukwe wa Coco hapa Dar na mihogo yenu mtatusamehe, leo nawataka wanaokimbilia kule kusiko na spika. Naanza mimi.

Jumapili moja tulivuka Magogoni kwa pantoni, mimi na mama watoto na wanetu watatu, tukachukua bajaji hadi Gezaulole. Saa nne na nusu tunatokeza kwenye minazi, bahari hakuna! Mchanga mtupu, mwani umelala, mitumbwi imeegemea ubavu, mawimbi mstari mweupe kule mwambani. Kitinda mimba akauliza, "Baba, maji wameyapeleka wapi?" Mzee aliyekuwa anashona nyavu akacheka: "Bamvua hii, mwanangu. Subiri alasiri."

Kumbe mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hupwa sana saa nne, saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Tulikaa chini ya mkungu mpaka ubwabwa ukaisha. Maji yalipofika, na sisi tukawa tunawaza foleni ya pantoni. Watoto wameoga dakika ishirini.

*

Pole mkuu. Sisi tulifuata bamvua makusudi, tutembee mwambani tuone viumbe. Shemeji akaenda peku, anasema yeye mtoto wa pwani. Akakanyaga lile dude la miiba mirefu myeusi. Wenyeji wakampaka utomvu wa papai bichi, akarudi mjini anarukaruka kwa mguu mmoja. Vaeni yeboyebo jamani, aibu ya nini?

*

Mnalia maji, mimi nalia kuku. Tuligeuka kupiga picha tu, kunguru wakashuka. Paja zima likapaa. Na hawa ndege si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Taka, siyo kuku wangu.

*

Huku Mombasa ni kima. Twavuka feri Likoni twenda Tiwi, pametulia kweli. Mmoja alichukua mkate wote, akapanda juu akatukalia akila, atutazama vile mtu atazamavyo runinga.

*

Mimi nilipita daraja la Kigamboni na Vitz yangu, nikajifanya mjanja kuiegesha mchangani karibu na maji ili tusibebe vitu. Nikalala kidogo. Kuamka, tairi za mbele zimezama na povu linaramba bampa. Vijana wanne wakatokea, elfu hamsini. Nikasema thelathini. Wakakaa chini wakaangalia bahari. Wimbi moja tu likaja, nikatoa hamsini.

*

Mkuu wa Vitz, hiyo ilikuwa saa ngapi?

*

Saa tisa na nusu. Usiniulize mwezi ulikuwaje.