Lori la vita halisukumwi kwa kidole, jamani!

Gundi_Mkunazini
Naandika mikono ikitetemeka. Yule bwana (mnamjua, mjuzi wa kila kitu kuanzia mashine za boti hadi mimba za ng'ombe) kapita Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, sasa hivi, kaikuta modeli yangu ya M26, lori la Marekani la kubebea vifaru, na tela lake la M15 mezani, kaweka kidole kwenye kebini, kasukuma. VUUUM! Kwa mdomo! Mtu mzima ana wajukuu!

Yakhe, hii skeli 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko lenyewe, lori na tela karibu nusu mita. Ekseli za nyuma za M26 zinazungushwa na minyororo, nayo inaungwa kiungo kwa kiungo kwa kibanio. VUUUM moja tu: mnyororo wa kushoto umetoka menoni, bomba la breki la waya wa shaba limepinda, pini inayoshika tela imekatika. Kisha ananiuliza, "Mbona halitembei vizuri?"

Halitembei kwa sababu limegandishwa! Unalisimamisha juu ya kioo gundi ingali laini, unashusha magurudumu yote 10 mpaka yaguse, unaliacha hadi kesho yake. Ukikosea hapo moja linaning'inia, lori linachechemea maisha. Yeye kaja na VUUUM. Ardhi ingepasuka immeze na kanzu yake.

Mwana_wa_Wete
Pole. Ila mwenye akili gani anaweka lori kando ya birika la kahawa? Na mbona tela tupu? Tela la tani 40 linabeba hewa?

Gundi_Mkunazini
Kifaru chake, Sherman, kiko kwenye rangi! Masika haya, ukipuliza rangi ya thina hewa ikiwa na maji inaota weupe. Nangoja jua. Lakini kidole kile, jamani…

Kompresa_Bovu
Heri wewe una jua la kungojea. Huku umeme unakatika katikati ya koti la kwanza, bunduki ya rangi inatema matone, kutwa nzima unapiga msasa.

BiMkubwa35
Kidole si kitu. Huyo huyo ndiye aliyewaambia watu wabandike vioo vya lori la GMC kwa supagluu. Mvuke wake umeganda kwenye kioo, kweupe, dereva haoni hata usukani. Vioo ni gundi nyeupe ya mbao, tone kwa ncha ya kijiti cha meno. Inakauka haionekani.

Mwana_wa_Wete
Na rangi je? Ati "kijani ni kijani", kapaka rangi ya mafuta ya milango kwa brashi. Boliti zote zimezama. Kijani cha jeshi la Marekani cha 1944 kina ukahawia ndani, na kwenye skeli ndogo unakififisha kwa njano kidogo, lau sivyo gari inakuwa nyeusi.

Gundi_Mkunazini
Uzi huu ni wa mnyororo wangu!

Kompresa_Bovu
Mnyororo utaungwa. Matairi laini ya mpira ndiyo msiba, yanakula rimu ya plastiki polepole. Paka rimu akriliki kwanza, ikauke, ndipo uvalishe.

Chake_Stika
Samahanini, nyota zangu nyeupe za mlangoni zina mng'ao wa fedha pembeni. Stika mbovu?

BiMkubwa35
Ulipaka vanishi ya kung'aa kabla ya kuzibandika?

Chake_Stika
Si lori la jeshi? Ling'ae la nini?

BiMkubwa35
Lahaula. Rangi isiyong'aa ina vishimo, hewa inanasa chini ya stika. Unang'arisha, unabandika, mwisho unafifisha. Nani kakufundisha wewe?

Chake_Stika
Mnamjua.