Naomba ushauri: Rafiki kanipa baliwaini aliyoipika mwenyewe, nitaionjaje ili nimpe jibu la haki?

Mwonjaji_Mpya

Wakuu, salaam kwenu. Nina jambo limenikaa kichwani wiki nzima, na najua humu wapo watu wanaoijua bia kuanzia kwenye kimea.

Rafiki yangu wa siku nyingi anapika bia nyumbani. Mwaka jana alipika baliwaini, ile bia nzito ya shayiri iliyopewa jina la divai kwa sababu ya nguvu zake, ingawa haina zabibu hata punje. Imekaa kwenye chupa miezi 8. Juzi kaniletea chupa tatu za mililita 330, kila moja kaiandika kwa kalamu: asilimia 9.5. Akaniambia hataki kusikia kwamba ni nzuri. Anataka kujua kuna nini ndani, kwa sababu mwezi ujao anapika nyingine na hataki kurudia kosa kama lipo.

Chupa ya kwanza niliiharibu. Niliitoa kwenye friji, nikaimimina kwenye glasi ndefu, nikainywa kama mtu mwenye kiu. Mwanzoni sikusikia kitu zaidi ya baridi. Ilipoanza kupata joto ukaja utamu, mzito, kama nimelamba kijiko cha molasi. Kufika nusu glasi kifua kinawaka. Kwenye daftari nikabaki na maneno mawili: "tamu" na "kali". Hayo si maneno ya kumpa mtu aliyesubiri miezi minane.

Zimebaki chupa mbili. Nionjeje? Na zaidi ya hapo, nitajuaje kwamba utamu na ukali ule ndivyo bia hii inavyotakiwa kuwa, au ni kasoro?

Glasi_Pana

Mkuu, chupa ya kwanza haikupotea, umeshajua baridi inaficha nini.

Bia hii inataka nyuzi 10 hadi 14 hivi za Selsiasi. Ikitoka kwenye friji iache mezani nusu saa ndipo uifungue. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana ili harufu isitawanyike, na usiijaze: mimina theluthi tu. Mimina taratibu, na ukiona mashapo yanakaribia shingo ya chupa, acha. Mashapo hayo ni hamira. Hayana madhara, ila yakiingia kwenye glasi unaanza kuonja hamira badala ya bia.

Maji ya kawaida pembeni. Usionje umetoka kula kitu chenye viungo vikali, wala umejipulizia manukato.

Meza_ya_Majaji

Ndugu, nimekaa kwenye meza za kuhukumu bia za nyumbani miaka kadhaa, na swali lako la mwisho ndilo lenyewe. Glasi na nyuzi joto ni maandalizi. Kazi iko kwenye kutenganisha vitu vinavyofanana.

Anza na pua kabla ya mdomo. Mara tu ukimimina, nusa kwa mivuto mifupi miwili mitatu, glasi ikiwa mbali kidogo na uso. Ukitumbukiza pua ndani ya bia ya asilimia 9.5, kileo kitakuchoma na kwa dakika kadhaa hutasikia kingine. Andika cha kwanza kilichokujia, hata kama ni kumbukumbu tu: ganda la mkate, tofi, zabibu kavu, tende. Harufu za mwanzo huondoka haraka na hazirudi.

Kisha funda dogo. Lizungushe mdomo mzima, limeze, halafu toa pumzi kwa puani midomo ikiwa imefungwa. Hapo ndipo bia nzito inapojieleza. Usiongeze funda lingine mpaka uhesabu ladha inakaa muda gani na inaishia wapi, kwenye utamu au kwenye uchungu. Uchungu hukawia, ndiyo maana waonjaji wa bia humeza na hawatemi.

Sasa huo ukali. Joto la kileo na mwasho wa kileo ni vitu viwili. Joto linashuka kifuani polepole, linatulia, na unabaki unataka funda la pili. Hilo ni haki ya bia hii. Mwasho unakukwaruza kooni, na puani unakuja na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huo mara nyingi unatokana na hamira iliyofanya kazi kwenye joto kubwa, hasa siku za mwanzo, ikazalisha vileo vizito na esta kali, yaani kemikali za harufu. Joto la kawaida la bia changa hulainika ikikaa. Kwa mwasho wa namna ile ya pili, usimpe rafiki yako matumaini ya umri.

Utamu nao una sura mbili. Upo utamu wa kimea kilichochemshwa muda mrefu, wenye rangi ya karameli, ambao mwishoni unakutana na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na kusafika. Na upo utamu mbichi wa sukari ambayo hamira haikuila. Huo unakaa juu ya ulimi kama utando, na kila funda linakuwa zito kuliko lililotangulia. Maneno yako, kijiko cha molasi, yananifanya niuwaze huu wa pili, lakini onja tena kwanza.

La tatu ni hewa. Bia hii ikipata oksijeni kidogo kidogo kwa miaka huanza kunukia kama divai ya sheri, lozi, matunda makavu, na wengi tunaipenda hivyo. Ikipata oksijeni vibaya wakati wa kujaza chupa, inanuka karatasi iliyolowa, boksi lililonyeshewa. Kwa miezi 8, kama unasikia boksi, tatizo liko kwenye kujaza chupa na halitaboreka.

Harufu ya siagi ukiisikia, mtajie, ni kasoro. Tufaa bichi pia.

Ukitaka alama, karatasi ya BJCP, mpango wa majaji wa bia ulioanza Marekani mwaka 1985, inagawa pointi 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Angalia mwonekano ulivyopewa kidogo. Rangi isikupotezee muda.

Chungu_Kikubwa

Nakubaliana na Meza_ya_Majaji kwa yote isipokuwa pointi. Rafiki hakuomba alama, ameomba kujua kuna nini ndani. Ukimwambia 31 kati ya 50 ataikumbuka 31 na kusahau mengine yote. Mpe maneno.

Halafu mimi ni mpishi, na nina maswali kwa rafiki yako. Muulize kipimo cha haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo (maji matupu husoma 1.000), kabla ya kuchachusha na baada. Muulize alitia hamira kiasi gani, na kama alitikisa au kupulizia hewa kwenye maji ya kimea kabla ya kutia hamira. Ukipata namba hizo unaweza kuonja ukijua unatafuta nini.

Mzee_wa_Burton

Muulizeni pia alikusudia ipi. Baliwaini ya Kiingereza na ya Kimarekani zinapimwa tofauti, na mtu anaweza kuhukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Waingereza ndio wenye jina. Bia ya Bass No. 1 ya mji wa Burton upon Trent, Uingereza, inatajwa sana miongoni mwa za kwanza kuuzwa kwa jina hilo, karne ya 19. Huko kimea ndicho mfalme, na uchungu unakadiriwa vizio 35 hadi 70 vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Wamarekani walikuja baadaye: kiwanda cha Anchor cha San Francisco na bia yake Old Foghorn mwaka 1975, kisha kiwanda cha Sierra Nevada na bia yake Bigfoot mwaka 1983. Za kwao hopsi inasikika waziwazi, ganda la balungi na utomvu wa msonobari, na uchungu unaweza kufika vizio 100. Kama alipika ya Kimarekani, kumbuka miezi 8 imeshakula sehemu ya harufu ya hopsi. Usimlaumu kwa hilo.

Na usiione miezi 8 kuwa ni mingi. Thomas Hardy's Ale, bia iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1968 kule Dorchester, Uingereza, ilipikwa makusudi ili ikae miaka mingi. Nimewahi kuonja chupa iliyozeeka vizuri, na bado naikumbuka harufu yake: ngozi ya viatu vipya na zabibu kavu.

Mwonjaji_Mpya

Asanteni sana, wakuu. Nimempigia. Alikusudia ya Kiingereza. Haidromita ilianza 1.108 ikasimama 1.036. Alitia pakiti moja ya hamira kavu kwenye lita 19, hakupulizia hewa, na joto la chumba lilikuwa nyuzi 18 muda wote. Anasema alingoja wiki tatu, haikushuka tena, akajaza chupa.

Chungu_Kikubwa

Basi hapo pana jambo. Kwa aina hiyo bia humalizikia kati ya 1.018 na 1.030. Kusimama 1.036 maana yake sukari nyingi imebaki. Asilimia 9.5 yake ni hesabu sahihi, ila kimea kile kilikuwa na uwezo wa kutoa zaidi. Pakiti moja kwa mzigo wa 1.108 ni watu wachache kupewa shamba kubwa, na bila oksijeni ya mwanzo hamira haikupata nguvu ya kuzaliana.

Kwa joto la nyuzi 18 sitegemei mwasho mbaya. Onja utuambie.

Lakini tahadhari, na nasema hili kwa uzito: bia iliyofungwa ikiwa na sukari nyingi hivyo inaweza kuamka ndani ya chupa. Ulipofungua ile ya kwanza ilifanyaje? Kama ilitoa povu jingi kwa nguvu, mwambie rafiki yako aziweke zote kwenye baridi leo hii, azishike kwa kitambaa kinene na akinge macho. Chupa inayopasuka ni vipande vya kioo.

Mwonjaji_Mpya

Haikutoa nguvu yoyote. Mlio mdogo tu, na povu jembamba lililopotea upesi. Hata hivyo nimemwambia, na amezihamisha zote.

Nimeonja ya pili jana jioni, peke yangu, redio nimezima. Nawaandikia nilivyoandika.

Rangi kahawia yenye wekundu, kama chai ya rangi iliyokolea ukiishika mbele ya dirisha. Ukiizungusha glasi, bia inashuka ukutani kwa mistari mizito. Pua: tofi kwanza, kisha ganda la mkate, kisha kitu ambacho nilikisaka dakika nzima mpaka nikakipata, ni tende iliyolainika. Boksi hakuna. Siagi hakuna. Nilitafuta ile harufu ya kufutia rangi ya kucha, sikuipata.

Funda la kwanza lilikuwa zuri mno, sitaki kudanganya. Joto lilishuka kifuani likatulia, halikunikwaruza. Kumbe ukali wa siku ile ulikuwa wa kunywa haraka. La pili bado zuri. Kufika la nne ndipo nikauona ule utando: utamu umekaa juu ya ulimi na uchungu haufiki kuusafisha. Nikanywa maji, nikarudi, ukarudi vilevile. Niliiacha glasi hadi ikapata joto la chumba, na utamu ukazidi kujitokeza huku tende ikipotea.

Nusu ya chupa niliifunika, sikuimaliza.

Glasi_Pana

Hayo ndiyo maandishi ya kumpa mpishi. Na umefanya vema kuishia nusu: mililita 330 za asilimia 9.5 zina kileo kingi kuliko nusu lita ya bia ya asilimia 5.

Meza_ya_Majaji

Ndugu, mpelekee kama ulivyoandika, usibadilishe neno. Anza na tende na lile joto lililotulia, kwa sababu hayo ni kazi yake na ni magumu kuyapata. Kisha mwambie kuhusu funda la nne. Kimea chake kizuri, joto la kuchachusha alilimudu, alijaza chupa kwa uangalifu. Kilichomwangusha ni hamira chache. Mwezi ujao atie mara mbili au zaidi, na apulizie hewa kabla ya kutia.

Chupa ya tatu isimamishe wima, gizani, kwenye baridi ileile alikohifadhi zake. Umri hautaila ile sukari, na uchungu utapungua zaidi, kwa hiyo usitegemee itasafika. Lakini ningeitunza mpaka toleo la pili likamilike, mzionje pamoja, glasi mbili mezani.

Mwonjaji_Mpya

Nimemsomea yote kwa simu. Nilipofika kwenye tende alinyamaza, akaniomba nirudie hapo. Kuhusu hamira amesema alihisi, ila alihitaji mtu wa kumwambia. Chupa ya tatu nimeshaiandika tarehe.