Tundu la waya kwenye mguu wa taa: chaki ya keekee au drili ya kusimama?

Mninga_Kavu: Wakuu, nataka kutoboa tundu la waya kwenye miguu ya taa za mezani. Mashine ya kereza ninayo, ndogo. Ninunue chaki ya keekee (kibanio cha kushikia keekee) ya kufunga kichwa cha nyuma, au drili ya kusimama? Hela inatosha kimoja.

FundiKerezo: Mguu una urefu gani? Tundu la ngapi? Morse (tundu la koni la kichwa cha nyuma) namba 1 au 2? Na kichwa cha mbele kinashika mti kwa kifaa gani? Kama huna chaki ya taya nne, chaki ya keekee haikusaidii, maana kichwa cha nyuma ndicho kilichokuwa kinaegemeza mti.

Patasi: Chaki, mkuu. Keekee imetulia, mti unazunguka, tundu linakaa katikati. Kwenye drili, meza ikiinama digrii moja tu, ukifika kina cha sentimita 30 umeshahama milimita 5.

FundiKerezo: Linakaa katikati ukianza vizuri. Chimba kishimo kwa ncha ya patasi, anza na keekee fupi, mizunguko 500 kwa dakika, itoe kila sentimita mbili kuondoa maranda. Wakati wa kuirudisha nyuma shika chaki kwa mkono. Keekee ikinasa, chaki inachomoka kwenye Morse na kuzunguka pamoja na mti.

Mninga_Kavu: Mguu sentimita 32, tundu la milimita 10, Morse 2. Taya nne ninazo.

MamaMsasa: Kwa urefu huo, vyote viwili acha. Mti 32, ongeza chaki na keekee, kitanda cha mashine ndogo kimekwisha. Na mti ulioshikwa upande mmoja unayumba. Angalia kama kichwa cha nyuma kina tundu. Keekee ndefu ya taa, milimita 8, inapita humo mti ukiwa umeegemezwa kwa pete.

Ila usikereze kwanza. Kuna mguu ulioletwa karakana ukiwa umeshapigwa hadi vanishi, ndipo ukatobolewa. Keekee ilisukumwa kwa nguvu, maranda yakajaa, ikafuata nyuzi laini na kutokea ubavuni, pale shingoni penye wembamba. Hapakuwa na cha kuokoa. Toboa mti ukiwa bado mraba, nusu huku nusu kule, kisha ubane kwa koni kwenye matundu yenyewe. Hapo umbo la nje ndilo linalofuata tundu.

Patasi: Pande mbili matundu hayakutani, unapata ngazi ndani.

MamaMsasa: Ngazi ya milimita moja waya haiioni.

SpanaNane: Kwani 10 ya nini? Waya wa nyuzi tatu ni kama milimita 7. Toboa 8, panua juu tu pa kuingia neli ya M10 (yenye hesi ya milimita 10) ya kishikio cha balbu.

Patasi: Nyuzi tatu kwenye taa ya mezani?

SpanaNane: Kishikio kikiwa cha chuma, lazima waya wa ardhi. Cha plastiki, mbili zinatosha.

Patasi: Taa nyingi za chuma madukani zina mbili.

SpanaNane: Ndiyo maana zinarusha watu.

Mninga_Kavu: Nimepima, kichwa cha nyuma kina tundu la 9. Hiyo keekee ndefu kwa Dar inapatikana wapi?